Kalunde Alivyolipia Ulimi Wake

Kalunde wa Muli alikuwa na kigugumizi tangu alipojua kusema, na hadi alipofikisha miaka thelathini na minne hakuwa amewahi kulimaliza jambo lake mwenyewe mbele ya watu. Majirani zake, katika kijiji kilicho kati ya Migwani na Mwingi, walimpenda, na kwa sababu walimpenda walimsaidia. Akianza, "Ni-ni-niletee ma..." mtu alikuwa ameshainuka kuchukua kibuyu cha maji. Kanisani akisimama kuomba, mama mwingine alidakia sala akaimaliza kwa niaba yake, naye Kalunde akaketi akisema amina kwa maneno ambayo hakuyakusudia.

Akiimba hakukwama. Sauti yake ilikuwa nzito na safi, na nyimbo za kanisa alizitoa kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho kama mtu anayeshuka mlima anaoujua. Lakini wimbo ukiisha akafungua kinywa kusema, kile kitu kilimrudia kooni. Herufi iliyomtesa kuliko zote ilikuwa K, na aliyeitwa Kalunde angeikwepa vipi? Mgeni akimuuliza jina, alijibu kwamba yeye ni mama yake Ndululu, mtoto wake wa kwanza, akaachia hapo.

Mtu mmoja tu alimsubiri amalize: mumewe, Muli, aliyefanya kazi kwenye genge la reli kule Sultan Hamud. Muli alirudi nyumbani kila baada ya miezi mitatu, akaketi jikoni, akasikiliza. Homa ilimwua mwaka wa 1948. Alimwachia mkewe watoto watatu, mbuzi kumi na mmoja, na shamba la bondeni lenye udongo mweusi unaoshika maji hata mvua ikikatika mapema. Kwa nchi ile kavu, shamba la namna hiyo ni chakula cha mwaka mzima, na Nzioka, kaka yake Muli, alilijua hilo vizuri.

Nzioka hakuwa mtu wa vurugu. Alisema kwa upole, alicheka na wazee, aliuliza habari za ng'ombe wa kila mtu. Alimpeleka shemeji yake kwa mzee wa mtaa mwaka wa 1950, akadai shamba lirudi kwa ukoo. Kalunde alisimama mbele ya watu akiwa amejipanga usiku kucha.

"Shamba hili," alianza, "ni la m-m-mume wangu. Na mume wangu alipo-k-k-k... alipofariki, li-li..."

"Lilirudi kwetu," Nzioka alimalizia kwa sauti ya huruma. "Shemeji anasema lilirudi kwa ukoo. Hana ugomvi yeye. Ni kusema tu ndiko kunamsumbua."

Karani akaandika. Kalunde alitikisa kichwa, akanyoosha mikono, akatoa sauti isiyofika kuwa neno. Watu waliona kigugumizi kinamtesa, wakamhurumia zaidi, na mama mmoja akamshika mkono akamketisha. Alipoletewa wino atie kidole, alikataa, lakini kitabu kilikuwa kimeshasema: mjane amekubali.

Jonah, mzee wa kanisa aliyejua kuandika, alimwandikia rufaa. Korti ya Migwani ilipanga kusikiliza kesi baada ya mavuno, wiki kumi na tatu mbele.

"Mimi ningekusemea," Jonah alimwambia, "lakini kitabu kinasema ni wewe uliyekubali. Wazee watataka kusikia ukikana kwa kinywa chako. Hapo mimi siwezi kuingia."

Kalunde alirudi nyumbani akiwa na wiki kumi na tatu na ulimi uleule.

*

Aliyemwonyesha njia alikuwa mnunuzi wa ngozi aliyeitwa Salim, mtu wa Mwingi ambaye wazee wake walitoka pwani zamani na msafara, wakaoa na kubaki. Salim alipita kila mwezi kununua ngozi za mbuzi. Siku ile Kalunde alimletea ngozi mbili, akataka kusema bei yake, akakwama. Salim aliketi juu ya mzigo wake. Hakutaja bei, hakuangalia pembeni. Alingoja mpaka "shilingi mbili u nusu" ikatoka yote.

Kalunde alishangaa, akamuuliza kwa nini hakumalizia.

"Dada yangu Sauda alikuwa hivyo," Salim alisema. "Kukuzidi wewe. Sasa yeye ndiye anafundisha wengine nyumbani kwake. Amemfundisha mtoto wa Mhindi wa duka, amemfundisha askari mmoja kutoka Nuu. Lakini nakwambia mapema, analipwa. Si mambo ya ukipenda."

"Ana-anapa dawa?"

"Dawa hana. Nenda umwone."

Jumanne iliyofuata Kalunde alitoka alfajiri na vyondo viwili, vikapu alivyovisuka mwenyewe, mgongoni, akatembea saa tatu hadi Mwingi. Nyumba ya Sauda ilikuwa nyuma ya duka la nguo, ukuta wa chokaa, na mkeka mpana ndani. Sauda binti Abdulkadir alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, kanga begani, na mkononi alishika kofia nyeupe ya kiume aliyokuwa akiidarizi kwa sindano. Alizaliwa palepale Mwingi, na Kikamba chake kilikuwa cha mtu wa nyumbani.

"Karibu, mwaitu, mama. Keti. Kabla hujanieleza lolote, mimi nikueleze langu, ndipo uamue kama utabaki."

Akamweleza. Wangekutana kila Jumanne, kwa muda wa saa moja. Ada ilikuwa shilingi mbili, nayo hulipwa kabla ya kuanza ili mtu asikae akiifikiria. Atakayekosa siku bila kutuma habari atailipia siku hiyo. Yatakayosemwa kwenye mkeka ule hayatafika dukani, wala kwa Salim, wala msikitini. Kama baada ya Jumanne tatu Kalunde hataona faida, au hatampenda mwalimu wake, aseme wazi na aende zake, na hapatakuwa na kinyongo.

"Na jambo la mwisho," Sauda alisema. "Mimi siahidi kwamba kigugumizi kitakwisha. Changu hakijaisha. Kiko hapa ndani pamoja nami, na leo utakisikia. Ninachofundisha ni kusema nacho. Anayekuahidi zaidi ya hapo anataka mbuzi wako."

Kalunde alikuwa amekuja akitumaini mzizi wa kutafuna. Aliwaza kuinuka. Lakini miguu ilikuwa imechoka, na vyondo vyote viwili alikuwa ameviuza njiani, kwa hivyo alifungua fundo la leso yake akatoa shilingi mbili.

"Sasa niambie," Sauda alisema. "Chochote. Nitasubiri."

Kalunde alianza habari ya shamba. Alikwama kwenye jina la mumewe, akakwama kwenye jina la Nzioka, akakwama mahali ambapo hakuwahi kukwama. Sauda alishona na kusubiri. Mara mbili Kalunde alimtazama kwa macho ya kuomba amsaidie, na mara zote mbili yule mama alikaa kimya, uso wake mtulivu. Saa ilipokwisha Kalunde alikuwa amesimulia kisa ambacho mtu mwingine angekisimulia wakati wa kuchuja chai. Kanga yake ilikuwa imelowa jasho.

"Jumanne," Sauda alisema, "in-in-inshallah."

*

Alirudi nyumbani akiwa na hasira. Jirani yake Muthoki, rafiki yake tangu usichana, alikuwa akimngoja na chungu cha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, motoni.

"Umelipa shilingi mbili," Muthoki alisema, "kwenda kuongea? Kalunde! Mimi naongea na wewe kila siku, na sijakuomba hata senti."

"Wewe una-una-una..."

"Nakupenda, ndiyo."

"Unanimalizia!"

Neno lilitoka kwa kishindo. Muthoki aligeukia chungu, akakoroga bila sababu. Kalunde alijua amemwumiza. Lakini pia alijua kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa amesema kile alichokitaka, siyo kile alichowekewa kinywani.

Jumanne ya pili Sauda alimfundisha pumzi. Alimlaza chali kwenye mkeka, akamwekea kikapu kidogo cha mbaazi tumboni, akamwambia akiinue na kukishusha kwa pumzi tu. Kisha akamwonyesha jinsi ya kuligusa neno kwa upole mwanzoni, badala ya kulipiga bega kama mlango uliokwama. Kalunde aliona mambo haya ni ya watoto, lakini alikuwa amelipa, akayafanya.

Jumanne ya tatu alipewa kazi ya nyumbani iliyomfanya alie.

"Ukienda soko la Migwani," Sauda alisema, "ingia maduka matatu. Kila duka uliza bei ya chumvi, na ukwame kwa makusudi."

"K-k-kwa nini? Nimekuja niache k-kukwama!"

"Maisha yako yote umekuwa ukikikimbia. Nataka ukiite wewe mwenyewe, ukiangalie, uone kama kinaua."

Duka la kwanza mwenye duka alicheka. La pili mwenye duka alimmalizia na kumpimia chumvi ambayo hakuitaka. La tatu hakuweza kuingia. Aliketi nyuma ya banda la mahindi akilia, na usiku wa siku hiyo kigugumizi kilikuwa kibaya kuliko kilivyokuwa tangu mazishi ya Muli. Hata watoto waliogopa. Aliapa kwamba hatarudi Mwingi.

Na palikuwa na jambo jingine. Vyondo haviwezi kusukwa kwa kasi ya shilingi mbili kila wiki, na kuku walikuwa wameacha kutaga. Jumanne ya nne Kalunde alitembea saa tatu kwenda kuaga.

Alisimama mlangoni kwa Sauda bila kuvua kanga ya kichwani. "Sina pesa," alisema. Maneno hayo mawili yalitoka bila taabu yoyote, labda kwa sababu yalikuwa ya mwisho.

"Na hali yako?"

"Im-imekuwa mbaya zaidi."

"Ndiyo. Wiki ya tatu na ya nne huwa hivyo. Kosa ni langu, nilipaswa kukwambia siku ya kwanza." Sauda alisogea kwenye mkeka kumpa nafasi. "La pesa ungeniambia mapema. Bei yangu nimeiweka mwenyewe, na mwenyewe naweza kuishusha. Unaweza kiasi gani bila kuwanyima watoto chakula?"

Kalunde alifikiri. "Shilingi moja. Na k-kiondo kimoja kila mwezi."

"Basi ni hiyo."

"Kwa nini usinifundishe b-bure, kama unaniona sina?"

Sauda alivuta uzi wa kofia. "Nilijaribu bure, kwa mama mmoja wa hapa Mwingi. Alikuja kama mgeni. Akaniletea heshima, akanikubalia kila kitu, hata nilipokosea. Mgeni hawezi kumgombeza mwenye nyumba. Wewe nataka uweze kunigombeza. Ukilipa, hata shilingi moja, saa hii inakuwa yako."

Kalunde alivua kanga ya kichwani. Akakaa. Akaitoa shilingi, akaiweka juu ya mkeka, na kidole chake bado kiko juu yake akasema:

"Basi la k-kwanza. Tangu nianze k-kuja hapa, unashona k-k-kofia. Mimi nasema, wewe unaangalia sindano. Nimelipa uniangalie mimi."

Sauda alimtazama. Kisha akacheka kicheko cha furaha kabisa, akaichomeka sindano kwenye kofia, akaitupa kofia pembeni ya chumba, na tangu siku ile hakuishika tena Kalunde akiwapo.

*

Duka la tatu aliliingia wiki iliyofuata. Alikwama kwenye "chumvi" kwa makusudi, akamtazama mwenye duka machoni, na akaendelea kukwama mpaka yeye mwenyewe alipoamua kuacha. Mwenye duka alingoja. Hakuna kilichotokea. Chumvi ilikuwa senti kumi. Kalunde alitoka pale akitembea kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hajui amwambie nani.

Akamwambia Muthoki. Ilimchukua muda, na Muthoki alifungua kinywa mara nne kumsaidia na kukifunga mara nne, mkono wake umeshika shavu kama mwenye jino bovu. Habari ilipokwisha Muthoki alisema, "Kumbe una maneno mengi hivi," na wakacheka mpaka machozi.

Kanisani watu walinong'ona kwamba Kalunde anakwenda kwa Waislamu kufungiwa hirizi. Jonah alimwita baada ya ibada.

"Dada, watu wanauliza. Unapewa nini kule?"

"Napewa muda," Kalunde alijibu. "Hi-hirizi sijaiona. Ukitaka, Jumanne tu-tufuatane."

Jonah alifikiri, akasema haina haja, na Jumapili iliyofuata aliwatangazia waumini kwamba amechunguza na ameridhika. Siku hiyohiyo Kalunde alisimama kuomba. Yule mama wa kudakia alidaka pumzi. Kalunde alifungua jicho moja, akamtazama, naye akainamisha kichwa. Sala ilikuwa fupi na ilijaa vituo, lakini ilikuwa yake hadi amina.

Wiki tatu za mwisho Sauda aligeuka kuwa Nzioka. Aliketi mbele ya Kalunde, akalegeza sauti, akatabasamu, na kila Kalunde alipokwama alimmalizia neno, tena lililopotoka. "Shamba ni la..." "La ukoo, shemeji." "Alilima mu-mu..." "Mumeo na mimi pamoja, ndiyo." Siku ya kwanza ya mchezo huo Kalunde aliondoka na kwenda kusimama uani. Siku ya pili alimpigia kelele. Siku ya tatu alipata kile walichokuwa wakikitafuta: aliinua mkono wake wa kulia, kiganja mbele, akasema bila haraka, "Sijamaliza," kisha akarudi mahali palepale alipokatizwa na kuendelea.

"Tena," Sauda alisema. Wakarudia mara ishirini.

*

Korti ya Migwani ilikuwa na paa la mabati na madirisha bila vioo. Wazee watano waliketi nyuma ya meza, na mkubwa wao aliitwa Kisilu, mtu mwembamba mwenye sikio moja zito, ambaye kila aliposikiliza aliweka kiganja nyuma ya sikio zima. Watu walijaa mpaka nje, kwa maana kesi ya shamba la bondeni ilijulikana.

"Mlalamishi ataje jina," karani alisema.

Kalunde alisimama. Herufi ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote.

"K-k-k..."

Mtu alicheka upande wa mlango. Nzioka aliinuka nusu kutoka kwenye benchi, akiwa na uso wake wa huruma. "Ni Kalunde, wazee. Kalunde wa marehemu ndugu yangu. Mnisamehe, yeye..."

Mkono wa Kalunde ulipanda juu.

"Sijamaliza."

Nzioka alibaki kainama, hajaketi wala hajasimama. Kalunde alivuta pumzi mpaka chini tumboni, akaligusa neno kwa upole, likakwama, akalingoja kama Sauda alivyomngoja yeye, na likatoka.

"K-Kalunde. Kalunde wa Muli. Na nina k-kigugumizi, wazee wangu. Nitachukua muda mrefu. Naomba mtu yeyote a-asinimalizie, kwa sababu aliyenimalizia mara ya k-kwanza ndiye aliyeandikisha uongo k-kwenye kitabu."

Mzee Kisilu aliweka kiganja nyuma ya sikio. "Sema, mama. Mimi pia husikia polepole. Nzioka, kaa chini."

Akasema. Alisema asubuhi nzima, na jua liliingia dirishani likapita miguuni mwa wazee. Alieleza jinsi Muli alivyopewa shamba na baba yake kabla hawajaoana, mbele ya mashahidi, wawili kati yao wakiwa wamekaa palepale. Alieleza safu ya katani waliyopanda mpakani yeye na Muli mwaka wa njaa, wakati watu wakila mizizi, na jinsi walivyoibeba miche kutoka mtoni kwa mgongo. Alikwama mara nyingi. Kuna mahali alikwama muda mrefu mpaka mtoto mmoja nje akauliza kama amekufa. Lakini hakuruka neno hata moja, na hakubadilisha neno gumu kwa jepesi. Wazee walijikuta wameinama mbele, maana mtu anayelipia kila neno namna ile hasemi la kupoteza.

Mwisho aliomba ruhusa amuulize Nzioka swali.

"Nzioka," alisema, "mwaka ule k-kabla Muli hajafa, ulilima mihogo k-kwenye kona ya chini ya shamba. K-kona hiyo uliiomba k-kwa nani?"

Nzioka alitabasamu. "Sikuomba. Ni shamba la..." Akakumbuka kwamba mmoja wa mashahidi waliokaa pale ndiye aliyekwenda naye kuomba. "Yaani tulizungumza. Mimi na ndugu yangu. Tulizungumza, unajua, kama ndugu."

"Na baada ya k-kuvuna ulileta kibuyu cha asali nyumbani k-kwetu. Asali ilikuwa ya nini?"

"Asali ilikuwa... Ile asali..." Nzioka aliangalia wazee, akaangalia shahidi, akaangalia paa. Ulimi wake mlaini haukuwa na pa kushika. "Ile ilikuwa ya..."

"Ya shukrani!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

Kalunde aligeuka, mkono juu. "Mwacheni amalize."

Nyumba nzima ililipuka kwa kicheko, na karani alilazimika kupiga meza kwa kitako cha muhuri. Nzioka hakumaliza. Wazee walitoka nje, wakakaa muda usiotosha kuvuta ugoro mara mbili, wakarudi. Mzee Kisilu alisema mtu haleti asali ya shukrani kwa kulima shamba lake mwenyewe. Shamba la bondeni lilikuwa la Muli, na sasa liko mikononi mwa Kalunde mpaka wanawe wakue. Maneno ya kwanza yafutwe, na Nzioka alipe gharama za korti.

"Na iandikwe," mzee aliongeza, akimgeukia karani, "kwamba mama huyu alijisemea mwenyewe."

Muthoki alipiga vigelegele kabla watu hawajatoka, akaambiwa anyamaze, akapiga tena.

*

Jumanne iliyofuata Kalunde alikwenda Mwingi kama kawaida, na juu ya shilingi yake alibeba jogoo. Sauda alimkataa jogoo.

"Ada yetu tulipatana. Ukiniletea jogoo leo, kesho aliyeshindwa kesi ataona aibu kuja mikono mitupu." Kisha akamuuliza kama bado anataka kuendelea, au saa imetosha. Wakaongea juu ya hilo kwa uwazi, kama watu wanaopanga kazi ya shamba. Waliamua aje mara moja kwa mwezi, halafu mara moja kwa msimu, na mwisho asije tena mpaka atakapohitaji. Jogoo walimla wote wawili mchana ule pamoja na Salim, kwa kuwa Kalunde alisema wazi kwamba hatambeba saa tatu kurudi naye.

Shamba la bondeni lilitoa mahindi na kunde, na mwaka wa 1953 serikali ilipokuwa ikihimiza watu wachimbe matuta ya kuzuia mmomonyoko, wanawake wa kijiji kile waliunda mwethya, kikundi cha kulima kwa zamu. Walikaa kumchagua wa kuwaongoza. Yalitajwa majina mawili ya wanawake wenye ndimi nyepesi. Muthoki alisimama akataja la tatu.

"Sisi tunataka mtu wa kutusemea kwa bwana shamba," alisema. "Nani hapa anaweza kuzungumza asubuhi nzima na asikubali kukatizwa?"

Mikono ilipanda mpaka nyuma kabisa.

Bwana shamba alikuja kwa gari la vumbi mwezi wa tisa, akawahutubia, akawasifu, na kugeuka kuondoka. Kalunde alimfuata hadi mlangoni mwa gari. Alimwambia kwamba wanawake arobaini wamechimba mwezi mzima kwa majembe yao ya nyumbani, kwamba sururu na makarai waliyoahidiwa mwezi wa sita hayajafika, na kwamba wangependa kujua siku yenyewe. Alikwama kwenye "karai". Bwana shamba, aliyekuwa na haraka, alianza kumsaidia. Akauona mkono unainuka, akafunga kinywa, akazima injini ya gari.

Vifaa vilifika Ijumaa, vimejaa lori zima. Wanawake walivipokea barabarani, kila mmoja akajitwika chake, nao wakashuka bondeni wakiwa na Kalunde mbele, naye ndiye aliyetoa wimbo.